SOMO: Kupima kama ardhi inalisha ziwa au ziwa linaingia ardhini

Wadau wa Mwanza, naulizwa hili kila mara, kwa hiyo naliweka hapa lote.

1. Nenda asubuhi kabla ya upepo. Vaa mabuti marefu, kichocho kipo.

2. Bomba la plastiki la inchi moja: ziba ncha ya chini, toboa matundu madogo kwenye sentimita 10 za mwisho, vika soksi ya nailoni.

3. Lizamishe wima mchangani sentimita 55. Katikati ya matundu itakuwa sentimita 50 chini ya sakafu ya ziwa.

4. HAPA NDIPO WENGI WANAHARIBU. Ukilitikisa likiingia, linaacha upenyo pembeni. Maji ya ziwa yanateremka humo hadi kwenye matundu, usawa wa ndani na wa nje unalingana, nawe unaandika "hakuna mtiririko". Si kweli! Lisukume moja kwa moja, kisha kandamiza udongo wa mfinyanzi kuzunguka shina. Mimina maji ndani uangalie. Yasiposhuka kabisa, tope limeziba matundu. Yakiporomoka na kusimama sawasawa na ziwa, shuku upenyo: ng'oa, hamia pembeni, anza upya. Kwenye tope usisome haraka, maji huchukua saa nyingi kutulia.

5. Mawimbi yanadanganya. Simamisha bomba la pili lenye kitundu kimoja, lisiingie mchangani, usome usawa wa ziwa humo.

6. Tofauti ya usawa kati ya mabomba mawili, kwa sentimita, gawanya kwa 50 (kile kina cha hatua ya 3). Sentimita 2 ni 0.04. Ndani ya bomba la mchangani kukiwa juu kuliko ziwa, ardhi inalisha ziwa. Kukiwa chini, ziwa linaingia ardhini.

MASWALI

— Mkuu, bomba liingie kiasi gani?
Hatua ya 3.

— Nimepata 0.04, ni lita ngapi kwa siku?
Haiwezekani kujua kwa namba hiyo peke yake. Mchanga na tope vyenye 0.04 ileile hupitisha maji tofauti kabisa.

— Kaka, kwa nini maji ya chini yapande kuliko ziwa?
Swali zuri sana, dada. Mvua inanyesha vilimani, inaingia kwenye nyufa za mawe yetu ya matale, inateremka ikiwa na mgandamizo wa kule juu. Ndiyo maana kwa kawaida nguvu ni kubwa karibu na ufukwe na hupungua ukienda kilindini. Baharini pia hutokea, ila maji ya chumvi ni mazito, lazima hesabu irekebishwe, na kuna kupwa na kujaa.

— Kwetu vyoo viko karibu na ufukwe.
Basi pima hapo kwanza. Ardhi ikilisha ziwa, uchafu wa shimo nao unasafiri humo.

— Bomba likigoma kutoka?
Lijaze maji, livute wima. Usilipinde.