Mtu wa Pwani Akienda Addis Ababa, Quito au La Paz: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Mpwa wangu aliyeko Lindi amepata nafasi ya mafunzo ya wiki tatu Addis Ababa. Alinipigia simu usiku, furaha imemjaa, akanisomea ratiba yote: Jumapili anaondoka Mtwara kwa ndege hadi Dar, usiku anaunganisha, na Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi yuko darasani. Kisha akauliza, "Mjomba, mbali na sweta, nibebe nini?" Nikamwambia sweta atalipata hata njiani. Kubwa ni kuwaomba waandaaji wambadilishie tiketi aondoke Ijumaa, mwili upate siku za kuzoea mwinuko wa Addis, maana huko juu hewa ni nyepesi. Akanyamaza, nikajua ameona namharibia mambo. Basi nayaandika yote hapa, yeye ayasome kwa utulivu, na mwingine yeyote wa huku kusini anayejiandaa kwa safari ya namna hiyo.

Sisi tunalala usawa wa bahari. Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, kote maji ya chumvi yapo hatua chache. Hata Newala na Rondo, tunakokwenda na koti, hakufiki mita 1,000. Dodoma, mji mkuu wetu, uko kwenye mita 1,100 hivi, na Nairobi kama 1,700. Huko wengi hupita bila kuona tofauti yoyote zaidi ya baridi. Addis Ababa iko mita 2,350 hivi. Asmara na Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, nazo zimepita 2,300. Mexico City na Sanaa ya Yemen ziko juu kidogo ya 2,200. Bogotá ni kama 2,600 na Quito 2,850. La Paz, yalipo makao ya serikali ya Bolivia, imepanda hadi mita 3,600, na uwanja wake wa ndege ulioko El Alto umepita 4,000. (Kwa katiba yao mji mkuu ni Sucre, nao uko kama mita 2,800, kwa hiyo kotekote ni mlima.)

Watu husema huko juu oksijeni "haipo". Ipo, na sehemu yake katika hewa ni ileile asilimia 21 unayovuta ukiwa Msimbati ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo. Fikiria magunia ya korosho yaliyopangwa ghalani: la chini kabisa limebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake, na la juu limelala kwa nafasi. Sisi wa pwani ni la chini. Addis mgandamizo umepungua kwa robo nzima, na La Paz kwa thuluthi na zaidi kidogo. Kwa hiyo kila pumzi moja inaingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho.

Nililiona jambo hili kwa macho safari yangu ya kwanza Addis. Nilibeba pakiti za korosho za kuwapa wenyeji, zimefungwa Mtwara, bapa kabisa. Nilipofungua begi chumbani nikakuta kila pakiti imevimba kama puto, ngumu ukiibonyeza, moja imefunguka pembeni na korosho zimemwagika kwenye mashati. Hewa ya Mtwara iliyofungiwa ndani ilikuwa inasukuma kutoka. Chupa ya mafuta ya nazi nayo nilipoifungua ilinirukia mkononi. Kwa hiyo vimiminika usivijaze hadi mdomoni, na kila chupa itie kwenye mfuko wake wa plastiki.

Sasa mwili. Ukifika juu unaanza kuhema haraka na moyo unakwenda mbio. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kujitetea. Baada ya hapo figo zinarekebisha kemia ya damu, kazi ya siku kadhaa. Kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za kubeba oksijeni huchukua wiki. Hakuna chai wala kidonge kinachozifanya wiki hizo ziwe saa moja, na ndiyo sababu namng'ang'ania mpwa wangu aondoke Ijumaa. Jumamosi na Jumapili azimalize kwa kutembea polepole, kunywa maji na kulala.

Kabla ya hayo yote kuna suala la damu, na hapa naomba msomaji wa Mtwara na Lindi asiruke mstari. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli, na chembe zake za urithi zimeenea zaidi katika maeneo yenye malaria ya muda mrefu kama kwetu. Mtu mwenye ugonjwa wenyewe, oksijeni ikishuka, chembe nyekundu za damu yake hujikunja na kuziba mishipa. Safari ya Addis, achilia mbali Quito, inaweza kumwangusha kwa maumivu makali. Asikate tiketi kabla ya kukaa na daktari wake. Lakini wapo pia waliorithi chembe hiyo ya urithi kwa mzazi mmoja tu, wazima kabisa, wanacheza mpira, wanapalilia mikorosho, na hawajui kama wanayo. Wengi wao hupanda milimani na kurudi salama. Wachache hupata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, kwa sababu bandama imekosa damu. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto aliyewahi kuugua siko seli, pima kabla ya kwenda. Na ukipata maumivu hayo ukiwa huko, nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie mnayo siko seli katika ukoo.

Siku ileile ya kupima, pima na wingi wa damu. Mtu anaweza kuishi hapa damu yake ikiwa 9, malaria na minyoo vimeinywa kidogokidogo, naye akajiona mzima tu. Kule juu oksijeni ni chache na vyombo vya kuibeba navyo ni vichache. Upungufu wa damu hutibika ndani ya wiki kadhaa ukianza mapema, siyo juzi ya safari. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha isiyotulia, mwenye pumu na mama mjamzito wote wazungumze na daktari kwanza.

Halafu malaria. Mtu wa kwetu kichwa kikimuuma na mwili ukilegea, neno la kwanza mdomoni ni malaria. Kule juu dalili hizohizo za kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu ndizo za ugonjwa wa mwinuko, nazo huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Tofauti kubwa ni homa. Mwinuko peke yake kwa kawaida hauleti homa. Mwili ukichemka, usijiambie ni mlima. Yawezekana umebebeshwa vimelea na mbu wa Mtwara siku kumi kabla ya kupanda ndege. Addis, Quito, Bogotá na La Paz zenyewe ziko juu mno kwa malaria kuambukizwa pale mjini, kwa hiyo daktari wa huko anaweza asiiwazie kabisa. Mwambie wazi: nimetoka pwani ya kusini mwa Tanzania, kuna malaria, naomba kipimo. Sentensi hiyo iandike kwenye simu kwa Kiingereza, na kwa Kihispania kama unakwenda Amerika ya Kusini.

Kuna dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, asetazolamaidi, ambayo madaktari huwaandikia watu wanaokwenda sehemu kama La Paz kwa ndege moja kwa moja. Huanza kumezwa siku moja kabla. Inasukuma mkojo, inatia ganzi na mchonyoto vidoleni, na soda inageuka ladha mdomoni, hayo yasikutishe. Ila iko katika ukoo wa salfa. Kama uliwahi kubabuka ngozi kwa SP au Septrini, daktari alijue hilo kabla hajashika kalamu. Kwa Addis watu wengi hawaihitaji. Ugonjwa wenyewe hasa huanza kusumbua juu ya mita 2,500, na mtu wa Addis mara nyingi huishia kuhema kwenye ngazi, kichwa kidogo na usingizi mbovu wa siku mbili tatu.

Usingizi huo nao uujue mapema. Usiku wa kwanza unaweza kushtuka ghafla umekosa pumzi, moyo unadunda, ukadhani umekabwa na jinamizi. Unayelala naye chumba kimoja anaweza kusikia unahema haraka haraka, kisha kimya kabisa, kisha unavuta pumzi ndefu na kuanza tena. Mwinuko hufanya hivyo, na hutulia kadiri siku zinavyokwenda. Usimeze vidonge vya usingizi, na pombe iache siku hizo mbili za mwanzo. Aliyezoea uraka wa msimu wa mabibo asijaribu ubavu wake Quito siku aliyofika.

Dalili za hatari ni hizi: kukosa pumzi hata umekaa, kikohozi kisichoisha au chenye povu, kuyumba, na kuchanganyikiwa maneno. Mwambie mwenzako atembee mstari mmoja, kisigino kwa kidole. Akishindwa kama mlevi, hamsubiri asubuhi. Anapelekwa hospitali kupewa oksijeni na anateremshwa chini. Kwa anayekwenda La Paz, bora zaidi apange njia yenye kituo: alale usiku mbili Cochabamba, kama mita 2,500, ndipo apande. Katika ndege yenyewe hewa ya ndani huwekwa kama ya mita 2,000 hivi, kwa hiyo anayetua El Alto anatoka kwenye hewa nzito kuingia nyepesi ndani ya muda mfupi. Pale La Paz watampa chai ya majani ya koka, mmea unaotolewa kokeini. Wenyeji wameinywa miaka na miaka, lakini majani hayo yamepigwa marufuku katika nchi nyingi; asiyatie begini kurudi nayo, na mwanamichezo asiyaguse kabisa, maana yanaonekana kwenye vipimo.

Kwa wanamichezo ushahidi ni mwingi. Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90 katika hewa ile nyepesi, na mbio ndefu zikawatesa watu wa nchi za chini. John Stephen Akhwari wetu alipatwa na mkakamao wa misuli kwenye marathoni, akaanguka na kuumia goti, akamaliza wa mwisho mguu ukiwa na bandeji. Tarehe 1 Aprili 2009 Argentina, kocha Maradona na Messi yumo uwanjani, ilifungwa 6–1 na Bolivia pale La Paz. FIFA ilikuwa imezuia mechi za kimataifa juu ya mita 2,500 mwaka 2007, ikaondoa katazo hilo mwaka uliofuata. Timu zisizo na wiki mbili za kuzoea mara nyingi huchagua kufika saa chache kabla ya mechi, zicheze kabla ugonjwa haujaamka. Mwanafunzi au mfanyabiashara hana sababu ya kuiga hilo.

Nguo ni rahisi. Kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 6. Addis mvua kubwa ni Juni hadi Septemba, wakati sisi tuko kwenye kiangazi na upepo wa kusi, kwa hiyo usiangalie hali ya hewa ya dirishani kwako unapofunga begi. Sweta, koti la mvua, soksi. Kofia na mafuta ya midomo pia, kwa kuwa jua la juu linachoma ingawa unasikia baridi, na hewa kavu hupasua midomo na kutoa damu puani.

Anayekwenda kusoma na atajipikia, ajue maji Addis yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, na La Paz chini ya 90. Yanatokota kweli, lakini si moto wa kuivisha mbaazi kama za nyumbani. Loweka usiku kucha na utafute sufuria ya presha. Mimi nilichemsha maharage kutoka saa kumi alasiri, saa tatu usiku bado yanagonga kwenye jino.

Jambo moja la Addis litakalokufurahisha: wenyeji wanahesabu saa kama sisi, saa moja ni baada ya jua kuchomoza. Lakini tiketi na ratiba za mikutano ya kimataifa hufuata saa ya kizungu, basi kila ukiambiwa saa, uliza ni ipi.

Mpwa wangu ameshaandika barua, amekubaliwa kuondoka Jumamosi asubuhi. Ni pungufu ya nilichotaka, lakini siku moja na nusu siyo haba. Wiki hii anakwenda kupima damu. Nimemwambia pia habari ya kurudi: homa yoyote ndani ya wiki za kwanza nyumbani apime malaria palepale. Na wale wanaokaa huko juu miaka miwili au mitatu bila kuumwa na mbu mwenye vimelea, kinga waliyokuwa nayo hupungua, kwa hiyo usiku wao wa kwanza Lindi walale ndani ya chandarua kama wageni.