Panga jipya: angalia yale usiyoweza kurekebisha nyumbani

Masika ikikaribia, hapo Januari na Februari, mapanga mapya yanajaa sokoni. Moshi ukipita Mbuyuni au Kiboriloni unayakuta, Arusha ukienda Kilombero au siku ya soko Tengeru yametandazwa chini kwenye turubai, mengine yana mpini mwekundu wa plastiki, mengine yamepakwa vanishi yanang'aa. Mkulima anasimama pale anapitisha kidole gumba kwenye makali, anauliza bei, anaomba apunguziwe, kanunua. Jamani hicho kidole gumba ndo kipimo dhaifu kuliko vyote.

Nasema hivyo sababu mapanga mengi yanatoka kiwandani hayajamaliziwa. Makali yamesagwa haraka haraka tu, mengine hayana makali kabisa, kumalizia ni kazi yako wewe na tupa yako. Kwahiyo panga butu la dukani linaweza kuwa zuri sana, na lile lenye makali ya kutisha likawa bati tu. Mpini ukiwa na vikwaruzo utapiga msasa, vanishi utaitoa, makali utayatengeneza. Ila kuna mambo ambayo ukishafika nayo nyumbani huyabadilishi tena: chuma chenyewe na kilivyozimwa (kilivyochomwa moto kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu), unyoofu wa bapa, unene wake, na jinsi chuma kinavyoingia kwenye mpini. Hela yako inanunua hayo.

Tuanze na chuma. Mapanga mengi ya shamba yanatengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha, kinachopata kutu ukikizembea lakini kinanoleka kwa tupa ya kawaida. Na kinaachwa laini kidogo kuliko kisu cha jikoni, makusudi kabisa, maana panga linapiga jiwe, linapiga fundo la mti, likiwa gumu mno litameguka kipande. Sasa utajuaje? Nenda na tupa ndogo mfukoni, umwombe mwenye duka kistaarabu, "mangi, naomba nijaribu kidogo hapa karibu na mpini", pale makali yanapoishia ambapo hata hapatumiki. Tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, na panga la hivyo litakumegukia. Ikizama kirahisi na kumwaga unga mwingi wa chuma kwa msuguano mmoja, ni laini, utakuwa unanoa kila saa. Unachotaka ni tupa ishike na kula chuma ukikaza mkono kidogo. Mangi akikataa usigombane nae, ni mali yake, kuna kipimo kingine hakiachi alama.

Weka ncha ya panga kwenye ubao au gogo, sio kwenye saruji, sukuma taratibu mpaka bapa lipinde kidogo tu, achia. Linatakiwa lirudi nyoofu lenyewe. Likibaki na kona hata ndogo, hilo liache, maana shambani litapinda siku ya kwanza ukikutana na shina gumu. Alafu linyanyue usawa wa jicho, funga jicho moja, utazame mgongo kuanzia kwenye mpini mpaka kwenye ncha, kama umepinda upande utauona hapohapo. Mwisho lishike mpini kwa vidole viwili bila kukaza, gonga bapa kwa kifundo cha kidole, usikilize. Mlio mwembamba unaoendelea kidogo ni mzuri. Mlio uliokufa, tup, ni dalili ya ufa au mpini umelegea tayari na bado jipya.

Kuhusu nembo sitasema sana. Wazee wanakumbuka majembe na mapanga ya UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, wengine leo wanatafuta Tramontina ya Brazil, na ni sawa, lakini kugonga mhuri juu ya kipande cha chuma ni kazi ya dakika moja kwa yeyote mwenye mhuri, kwahiyo lenye nembo nalo lipitie vipimo vilevile. Stenlesi nayo hainishawishi kwa kazi za kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani. Haipati kutu haraka ni kweli, ila nyingi za bei nafuu hazikai na makali, sasa kutu ya panga la kawaida inazuiwa na kitambaa chenye mafuta, hayo makali utayatoa wapi?

Kuna wanaoagiza kwa wahunzi, na huku kwetu Mamba, jirani na Marangu, uhunzi ni kazi ya miaka mingi. Panga la muhunzi mara nyingi linatoka kwenye springi za gari, na kile ni chuma kizuri hasa, kimetengenezwa kupinda na kurudi. Shida yake ni unene. Springi ya gari ni nene, muhunzi asipoipiga nyundo ikashuka vizuri anakupa kitu kizito ambacho saa nne asubuhi bega limekufa. Ukiagiza mwambie bapa liwe nene karibu na mpini na lipungue kuelekea ncha, kisha lipime kwa kupinda kama ulivyolipima la dukani. Muhunzi mzuri hachukii kupimiwa kazi yake.

Unene ndo unaamua panga ni la kazi gani, na hapa ndipo watu wengi wanapotupa hela bila kujua. Bapa la milimita 2 hivi ni jepesi, linapita kwenye majani na kwenye mgomba bila kubana, kwasababu shina la mgomba ni maji na nyuzi, panga nene linalisukuma badala ya kulikata. Likifika milimita 3 limekuwa la kuni na matawi, uzito wake unakusaidia kwenye mti mkavu lakini kwenye matete na majani ya guatemala ya ng'ombe utachoka bure. Mtu wa kihamba anayekata majani kila siku, anapunguzia migomba majani makavu na kuangusha mkungu mara mojamoja, anahitaji jembamba la inchi 18 au hapo. Mtu wa tambarare huko Kahe au kuelekea Same, anayesafisha vichaka vya miiba, achukue nene na lifupi kidogo. Kama kazi zako ni nyingi na hela ni ya panga moja tu, chukua jembamba, kuni utazikata na shoka, shoka lipo kwa ajili hiyo.

Na kahawa sio kazi ya panga, tafadhali. Kupogolea mbuni kwa panga kunachana gome na kuacha kidonda kipana, magonjwa na wadudu wanaingilia hapo. Tumia mkasi wa kupogolea kwa matawi madogo, msumeno kwa shina. Nikiona panga kwenye mbuni huwa nanyamaza kwanza nipumue.

Mpini sasa. Shika kama unavyoshika ukiwa kazini, ncha za vidole zikaribie kiganja bila kuzama ndani yake, mpini ukiwa mnene utakaza sana na malengelenge yatakuja, ukiwa mwembamba panga litazunguka mkononi ukigonga. Mwisho wa mpini uwe na kijipembe kinachozuia mkono kuteleza, maana utomvu wa mgomba ukichanganyika na umande hakuna mkono unaoshika. Halafu angalia chuma kinafika wapi. Panga la kuaminika chuma chake kinapita mpaka mwisho wa mpini, unakiona kati ya vipande viwili vya mbao au plastiki, kimeshikwa na ribiti (vile vipini vya chuma vilivyogongwa pande zote mbili) 3 au zaidi. Likiwa na kijimkia kifupi kimechomekwa tu kwenye plastiki, hilo siku moja litaruka, na kwenye kihamba kuna watoto na ng'ombe. Pitisha kidole juu ya ribiti, zisikwaruze na zisicheze. Watu wanapenda kuzungushia mpira wa tyubu, mimi sikatazi, unashika vizuri, ila usinunue panga ambalo muuzaji ameshalizungushia maana hujui chini kuna nini.

Kuna jambo moja la muundo ambalo halisemwi sana, nalo ni ile nafasi kati ya mpini na bapa. Udongo na utomvu vinajaa humo. Mnyauko bakteria wa migomba, ugonjwa ulioingia Kagera miaka ya 2000 na kuwaumiza wenzetu, unasambaa sana kwa vifaa vya kukatia, panga likitoka mgomba mmoja kwenda mwingine linabeba. Mnyauko wa Panama, ugonjwa mwingine wa migomba, nao unatembea na udongo. Kwahiyo chagua panga ambalo mpini umebana chuma bila mwanya, na kama unaazimana na jirani, au umeajiri kibarua anayekuja na panga lake, lioshe kwanza kabla halijagusa mgomba wako. Sehemu 1 ya Jik (ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) kwa sehemu 5 za maji inatosha, au lipitishe kwenye moto mpaka likuchome ukiligusa, lisifike kugeuka bluu wala kuwa jekundu maana hapo umeliua. Jik inaleta kutu, suuza, futa, pakaa mafuta ya kula, hata yaliyokwisha kukaangia. Oili chafu ya gari usipake, panga hilohilo linakata majani ya ng'ombe na mkungu wa kula.

Bei, sasa ndo tumefika. Tuseme, kwa mfano tu, hili ni elfu 8 na lile elfu 18. La elfu 8 likikaa mwaka mmoja ni elfu 8 kwa mwaka, na lile likikaa miaka mitatu ni elfu 6 kwa mwaka. Bado hujahesabu tupa, kwasababu panga laini linakula tupa na linakula muda, kibarua anayesimama kunoa mara tano kabla ya mchana umemlipa kunoa. Lakini msichukue hesabu hii mkaamini ghali ni bora siku zote. Likifaulu kupindwa, likaimba, ribiti zimekaza na chuma kinafika mwisho wa mpini, la elfu 8 lichukue hata mawili.

Ukifika nalo nyumbani toa vanishi kwenye makali, libane kwenye gogo, noa kwa tupa ukisukuma upande mmoja, usiende na kurudi, toa ukingo mwembamba kwa kazi ya majani na mnene kidogo kwa kuni. Usikubali kulipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kunolea ya umeme kama hana maji ya kupozea pembeni. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu moto umeshaharibu pale, hapatashika tena makali mpaka usage uondoe sehemu yote ile. Baada ya siku ya kwanza ya kazi liangalie kwenye mwanga. Makali yakiwa yamekunjika, ongeza unene wa ukingo kidogo uendelee nalo, hilo linatibika. Yakiwa yamemeguka vipande na hukupiga jiwe, lirudishe dukani mapema na risiti yako, kabla mangi hajasahau sura yako.