Kutunga Muziki kwa Namba za Vurugu: Mwongozo kwa Mwalimu wa Kwaya

Anayekaa jioni katika ufuo wa Kibirizi, mjini Kigoma, husikia mawimbi ya Ziwa Tanganyika yakija kwa mpangilio unaofanana bila kurudiwa hata mara moja. Tabia hiyo, ambayo katika hesabu huitwa vurugu (chaos), inaweza kupatikana pia kwenye karatasi, kwa kalamu na kikokotoo cha simu, na wimbo unaotokana nayo ukaandikwa kwa noti za do, re, mi ambazo kila mwanakwaya wa hapa anazisoma.

Tutatumia kanuni ambayo Robert May, mtaalamu wa hesabu za viumbe, aliieleza mwaka 1976 alipochunguza jinsi idadi ya viumbe inavyopanda na kushuka kizazi hadi kizazi. Chagua namba kati ya 0 na 1, tuseme 0.4. Itoe katika 1, upate 0.6, zidisha hizo mbili, kisha zidisha jibu kwa 3.9. Utapata 0.936. Namba hiyo mpya irudishe mwanzo wa hesabu, nawe utapata 0.2336256, halafu 0.69827425, na kuendelea hivyo hivyo.

Ili namba iwe noti, izidishe kwa 5 na uache desimali zote: 0 ni do, 1 ni re, 2 ni mi, 3 ni so, 4 ni la. Fa na ti tumeziacha makusudi, kwa sababu bila hizo hakuna nusu toni, na mruko wowote utakaoletwa na hesabu hautaumiza sikio. Ukianza kuhesabu na 0.936, noti 13 za kwanza zitakuwa la, re, so, la, mi, la, do, mi, la, do, mi, la, do. Ziimbe kwa sauti kabla ya kusoma zaidi. Utasikia kwamba mi, la, do imejirudia mara tatu kama kiitikio, ingawa hakuna aliyeipanga, na noti ya 14, ambayo ni so, inakuja kuivunja.

Hapa pana mtego ulioninasa mimi mwenyewe. Kwa uvivu nilikuwa nikibakiza desimali mbili tu katika kila hatua, na baada ya noti chache wimbo ukakwama kwenye la, re, la, so, la, re, la, so bila mwisho, nikadhani kanuni ni mbovu. Kosa lilikuwa la kukadiria, kwa hiyo bakiza angalau desimali nane. Ukitaka kuona uzito wa tarakimu hizo ndogo, anza upya na 0.401 badala ya 0.4: noti 13 zitakuwa zile zile kabisa, lakini ya 14 itageuka kuwa re.

Ile 3.9 nayo ni ya kuchezewa. Ukiweka 3.2, wimbo hutulia na kupokezana mi na so tu, ukiweka 3.5, hutulia kwenye mzunguko wa noti nne, re, la, mi, la. Vurugu yenyewe huanza karibu na 3.57. Kwa maoni yangu, kipande kizuri huanza na namba ya chini, kama 3.2, na kuipandisha polepole, ili msikilizaji apate cha kushika kabla hajapotezwa.

Mapigo usiyatafute kwenye kikokotoo. Rekodi mawimbi kwa dakika kumi, uandike sekunde zinazopita kati ya wimbi moja linalovunjika na jingine, kisha nafasi fupi uzipe nusu pigo, za wastani pigo moja, na ndefu mapigo mawili. Epuka saa ambazo boti zinaingia, maana injini hufunika kila kitu.

Kwa besi, chukua wimbo ule ule, lakini kila noti ishikwe mara nne ya muda wake. Umbo dogo likiwa ndani ya umbo kubwa linalofanana nalo, hiyo ndiyo fraktali, jina lililotolewa na mwanahisabati Benoit Mandelbrot mwaka 1975.

Kanuni haijui kumaliza wimbo, kwa hiyo mahali pa kukata utapaamua wewe. Mimi hukata kwenye ile do ya 13, naishikiza kwa mapigo manne, na so inayofuata naihifadhi kwa ajili ya kufungulia ubeti wa pili.