Jiko la peleti likiyumba joto: matunzo yake kwa hewa ya Tanga

Ukiliweka jiko la peleti kwenye nyuzi 110 za Selsiasi, usitarajie litulie hapo hapo. Linajilisha peleti, yaani kuni zake ndogo ndogo, kwa vipindi, kwa hiyo kupanda na kushuka nyuzi 10 hadi 15 ni kawaida yake. Ubovu ni pale linaporuka lenyewe hadi 160, linapozimika katikati ya mapishi, au changu wa upande mmoja ameungua na wa upande wa pili bado anatoa maji. Wengi hapo hukimbilia kuagiza bodi mpya ya umeme, ilhali pwani ugonjwa huu kwa kawaida huanzia kwenye peleti na majivu.

Peleti ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa nguvu. Nzuri zina unyevu chini ya asilimia 10, na hewa ya Raskazone, hapa Tanga ufukweni, wakati wa masika haiziachi hivyo kwa muda mrefu. Vunja moja uone. Iliyo kavu hukatika kwa mlio na ganda lake linang'aa; iliyonyonya unyevu imefifia, imenenepa, na inapukutika vidoleni. Hiyo haikupi moto wa maana hata uilishe nyingi kiasi gani. Zihifadhi kwenye ndoo zenye mfuniko wa kukaza (ndoo ya lita 20 inabeba kama kilo 13), na kabla ya kuzimimina kwenye tangi la jiko zipitishe kwenye chekeche, maana vumbi lake hutuama chini na kuzuia nyingine zisishuke. Msimu wa mvua, kama hutapika kwa wiki nzima, toa peleti zote tangini, kisha iache skrubu ya kulisha (ile inayosukuma peleti kutoka tangini hadi kwenye moto) izunguke mpaka imalize zilizobaki ndani yake.

Zikilowa ndani ya skrubu huvimba na kuganda kama saruji. Chomoa waya ukutani, fungua pini inayoshikanisha skrubu na mota, kamata ncha ya skrubu kwa spana ya bomba, uizungushe mbele na nyuma mpaka ilegee, ndipo uivute. Pini ikiwa imekatika, rudisha ya unene ule ule na madini yale yale. Fundi anayepachika msumari mgumu badala yake anakuandalia gharama ya mota: pini ile imewekwa ikatike ili giaboksi ipone.

Majivu yatoe kila baada ya mapishi manne au matano, au kila unapomaliza gunia la kilo 20. Subiri jiko lipoe kabisa. Kusafisha kesho yake ni salama zaidi, kwa sababu kaa dogo lililojificha majivuni linatosha kuunguza mashine ya kunyonya vumbi. Ondoa nyavu, trei ya mafuta, na bati la kusambaza joto lililo chini yake. Nyonya majivu yote, kisha zibua matundu ya kikombe cha moto, kile ambamo peleti huungulia, kwa waya mwembamba. Hapa ndipo siri ya joto kuruka ilipo. Matundu yakiziba, feni haipati pa kupitisha hewa na moto unafifia. Bodi inaona joto limeshuka, inaongeza peleti. Peleti zinarundikana, halafu zinashika moto zote kwa pamoja. Mpishi anaona 180 na kuilaumu bodi, kumbe ilikuwa inatimiza wajibu wake.

Ukitaka kujua joto linasambaa vipi, tandaza slesi za boflo juu ya wavu mzima, jiko likiwa nyuzi 180 kwa robo saa tayari. Funika dakika 6, kisha zigeuze. Rangi ya kila slesi ni ramani yako. Juu ya kikombe cha moto patakuwa na wekundu zaidi kidogo, hilo halina dawa, patumie kwa vipande vinene. Lakini upande mmoja ukiwa mweusi na mwingine mweupe, bati la kusambaza joto limekaa upande, trei imegusa ukuta wa jiko na kuziba njia ya hewa, au jiko lenyewe halijasimama sawa. Karatasi ya foili iliyozidi kingo za trei huleta shida hiyo hiyo. Na sinia pana lililojaza wavu nalo ni kizuizi; acha nafasi ya vidole viwili kila upande.

Sensa ya joto ikipakwa mafuta na moshi huchelewa kusoma. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni kidogo. Kuihakiki, chukua kipimajoto kingine, kijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka (tuko usawa wa bahari, kisome 100), kisha kiweke karibu na sensa. Tofauti ikibaki zaidi ya nyuzi 15 baada ya nusu saa, badilisha sensa.

Umeme ukikatika, feni husimama huku moto bado uko kikombeni. Umeme ukirudi, usibonyeze tu kitufe. Zima, jiko lipoe, ondoa peleti zilizorundikana, ndipo uwashe upya huku mfuniko uko wazi. Kikombe kilichojaa kinaweza kutoa moshi mzito ukalipuka.

Majiko yaliyoletwa kutoka Marekani yana kasoro nyingine isiyoonekana. Yameundwa kwa volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), wakati umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma inashusha volti tu, hezi zinabaki 50, hivyo mota ya skrubu ya AC (umeme geu, kama wa ukutani) huzunguka polepole, karibu moja ya sita chini ya kasi yake. Peleti zinaingia chache na joto halifikii kiwango chake cha juu. Suluhisho ni mota ya hezi 50. Yale yenye mota ya DC (umeme mnyoofu, kama wa betri) hayana tatizo hili.

Upepo nao una msimu wake. Kusi likivuma, geuza jiko dohani isitazamane nalo. Chumvi ya bahari huanzia kwenye boliti na mapanga ya feni: yafute kila mwezi, boliti zipake mafuta ya kupikia kiasi. Turubai livishwe jiko likiwa limepoa na kukauka tu, la sivyo unafungia unyevu ndani.