SOMO: Vienna kwenda Bratislava na kurudi siku hiyohiyo, upande nini (soma mpaka chini ndo uulize)

Wakuu salaam. Hili somo naliandika ili nipumzike. Kila zikianza semina pale Umoja wa Mataifa Vienna, hasa hizi za IAEA (shirika la nguvu za atomiki), napokea meseji zilezile, mtu yupo hotelini Ijumaa usiku, kesho hana kipindi, posho ipo mfukoni, kasikia kuna nchi nyingine hapo jirani, basi "mkuu nipande nini kwenda Bratislava". Nikimuuliza unarudi saa ngapi hajui, unataka kushukia wapi hajui. Kuanzia leo atakayeniuliza namtumia hii.

Kwa asiyejua, Vienna ni mji mkuu wa Austria, Bratislava wa Slovakia, umbali ni kama kilomita 60 na yote miwili ipo kando ya mto Danube. Treni ni kama saa moja, basi nalo humohumo, boti saa moja na robo. Kwa hiyo wanaokesha wakilinganisha dakika wanajichosha bure. La kuangalia ni mawili tu, chombo kinakushusha upande gani wa mto, na cha kukurudisha kinaondokea wapi na saa ngapi. Bei ije baadaye. Ukifanya uvivu kwenye hayo mawili utakula wa chuya.

HATUA YA 1
Beba pasipoti. Yenyewe, siyo picha kwenye simu.

HATUA YA 2
Soma stika ya viza yako. Slovakia imo Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) tangu 2007, kwa hiyo hata viza ya kuingia mara moja inakutosha, hujatoka nje ya Schengen. Ila kuna viza chache zinatolewa kwa nchi moja tu, na imeandikwa palepale kwenye stika inatumika wapi. Kama imetajwa Austria peke yake baki Vienna ule keki.

HATUA YA 3
Pesa ni euro huko nako, tangu 2009. Hamna cha kubadilisha.

HATUA YA 4
Nenda Wien Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu ya Vienna (Wien ndo Vienna kwa Kijerumani). Ukiwa jengo la UN unapanda treni ya mjini U1 pale Kaisermühlen na unashuka Hauptbahnhof, hubadilishi treni.

HATUA YA 5
Kata ile tiketi inayoitwa Bratislava-Ticket, kwenye mashine za ÖBB (shirika la reli la Austria) au kwenye apu yao. Ni ya kwenda na kurudi, rahisi kuliko kukata mbili tofauti, na haikufungi kwenye treni ya saa fulani. Halafu siku ile ya kwanza inakubeba na mabasi ya mjini Bratislava, watu wengi hawajui hilo wanaenda kununua tena.

HATUA YA 6, HAPA NDO PENYEWE
Treni za Vienna zinaenda stesheni mbili tofauti za Bratislava. Moja inapita kaskazini kupitia Marchegg inaishia Bratislava hlavná stanica, kwenye ubao utaona wameifupisha hl. st., hiyo ndo stesheni kuu, unatembea robo saa au dakika ishirini kwa mteremko upo mji mkongwe. Nyingine inapita kusini kupitia Kittsee inaishia Bratislava-Petržalka, ambayo ipo ng'ambo ya mto, unatoka nje unakutana na magorofa ya wakati wa ukomunisti yamepangana mpaka macho yanaishia, hamna ngome wala mji mkongwe, na mgeni anaanza kusema nimedanganywa na mtandao. Ni kama mwenyeji wako anakusubiri Posta wewe umeshukia Kigamboni. Na zote mbili zinaondokea Hauptbahnhof ileile, tena kwa kupishana, kwa hiyo ukikurupuka na kupanda yoyote iliyoandikwa Bratislava umecheza bahati nasibu.

Kwenda siyo tatizo kubwa. Ukishukia Petržalka panda basi namba 93 linakuvusha mto mpaka katikati ya mji, na hilohilo linaendelea mpaka stesheni kuu. Balaa lipo kwenye kurudi. Unakula zako raha, unafungua simu saa mbili usiku, unaona treni ya Wien inaondoka baada ya dakika kumi na tano, unakimbia stesheni kuu, kumbe hiyo inaondokea Petržalka. Hili limenikuta mimi mwenyewe ndo maana nalipigia kelele.

Kwa hiyo:
Soma jina la stesheni lote, siyo neno la kwanza. Zote zinaanza na Bratislava.
Tiketi yako inakubali njia zote mbili, hivyo unaweza kwenda kwa moja ukarudi kwa nyingine, ila uwe umeamua, usishtukizwe.
Ukishafika tu, kabla hujapiga picha hata moja, piga picha ubao wa treni za kurudi.
Usipange kurudi na treni ya mwisho. Panga ya mwisho kasoro moja, ili ukichemka ubaki na ya akiba.
Ratiba zao ni za saa 24. 20:00 ni saa mbili usiku. Najua mnajua, lakini kila mara yupo anayekwenda saa nne.

HATUA YA 7, kwa wasiopenda treni
Basi lina faida moja kubwa, mengi yanasimama Most SNP, yaani chini ya lile daraja lenye kitu kama sahani juu wanaloliita UFO, ukivuka barabara upo mji mkongwe. Mengine yanaenda kituo kikuu kipya, Nivy, kile cha ndani ya jengo la maduka, nacho siyo mbali ila ni kutembea. Tatizo la basi ni kwamba Vienna hayaondokei sehemu moja, mengine Hauptbahnhof mengine Erdberg kwenye U3, soma tiketi. Na tiketi ya basi ni ya saa ile, ukichelewa umeachwa kwenye mataa.

Boti ni Twin City Liner, inaondokea Schwedenplatz, U1 hiyohiyo. Kwenda inashuka na mkondo dakika 75, kurudi inapanda dakika 90. Tiketi ya kwenda tu inazidi bei ya treni kwenda na kurudi, sisemi usipande, nasema ujue. Inakupitisha kwenye misitu ya hifadhi ya Donau-Auen, halafu karibu na kufika unaona magofu ya ngome ya Devín juu ya mwamba pale mto Morava unapoingia Danube, hapo simu zote zinatoka. Inatia nanga hatua chache kutoka mji mkongwe. Haiendi msimu wa baridi, na mto ukijaa sana au ukipungua sana safari inaweza kufutwa. Kata mapema.

Ushauri wangu: hali ya hewa ikiwa nzuri, boti kwenda, treni kurudi. Ikiwa mvua, treni kote. Ukiwa na haraka ya picha tu, basi la Most SNP.

Karibuni kwa maswali, ila someni kwanza.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu shukrani. Je viza inahitajika?

Mimi: Hatua ya 2.

Mdau: Sawa ila mimi nauliza viza ya Slovakia.

Mimi: Hatua ya 2 mkuu. Isome taratibu.

Mdau: Nauli jumla shilingi ngapi za Kitanzania maana sijaona umeweka

Mimi: Sijaweka kwa makusudi. Nauli wanapandisha na shilingi inacheza, nikiandika leo mwakani utakuja kunitukana. Fungua apu ya ÖBB, andika Bratislava, utaiona kwa euro, kikokotoo unacho.

Mdau: Mbona unatutisha na hizo stesheni mbili? Mimi nilienda nikashuka stesheni kuu nikarudi stesheni kuu, wala sijawahi kuiona hiyo Petržalka.

Mimi: Ulipata bahati au ulipanda kwa saa inayofaa, hongera. Siyo kila mtu. Na hizi reli zinafanyiwa kazi, ya kaskazini ikifungwa kwa ukarabati wote mnaenda Petržalka mpende msipende. Ndo maana nasema angalia apu usiku wa kuamkia safari. Sijamtisha mtu, nimemwonyesha shimo lilipo.

Mdau: Kaka nimependa somo. Swali langu siyo la nauli. Nimeangalia ramani nimeona kuna reli nyingine inatoka Vienna inapita uwanja wa ndege inafuata mto mpaka sehemu inaitwa Wolfsthal, halafu inakatika karibu kabisa na mpaka. Kwanini wameiacha hapo?

Mimi: Sasa haya ndo maswali, kaa nikueleze. Hiyo reli zamani ilikuwa inafika Bratislava. Ilifunguliwa 1914, wakati huo yote ilikuwa dola moja ya Austria na Hungaria na mji wenyewe Wajerumani waliuita Pressburg. Ilikuwa treni ya umeme ambayo ikifika mijini inapita barabarani kama trem, kwa hiyo watu walikuwa wanapanda katikati ya mji huu wanashukia katikati ya mji ule, kitu ambacho leo huna. Vita ya kwanza ikaisha dola ikavunjika mpaka ukapita katikati, na baada ya vita ya pili ndo ikakatwa kabisa, maana mpaka ule ukawa wa waya na walinzi wenye bunduki mpaka 1989. Kipande cha upande wa Austria kikabaki, leo ndo treni ya S7 inayoishia Wolfsthal. Na ukitaka kuifuata njia ileile inawezekana, panda S7 ushuke Hainburg, mji mdogo wenye kuta na malango ya kale, zunguka, halafu kulikuwa na basi 901 la Bratislava lililopita hapo kukuvusha mpaka, hakikisha kwanza kama bado lipo. Ni ndefu kuliko treni ya moja kwa moja lakini kwa mtu kama wewe utaifurahia.

Mdau: Asante sana kaka, hii naifanya.

Mdau: ndege je? nasikia kuna uwanja Bratislava

Mimi: Kilomita 60 ndugu yangu. Ndege ya nini.

Mdau mwingine: Hahaha. Ila kwa kuongezea, uwanja wa Vienna wenyewe upo njiani, kule Schwechat, na mabasi mengi ya Bratislava yanapita uwanjani kabla ya kuvuka mpaka. Mtu mwenye masaa mengi ya kusubiri ndege na ana viza ya Schengen anaweza kutokea hapohapo bila kuingia Vienna.

Mimi: Nyongeza safi. Sisitiza hapo kwenye viza, usije ukatolewa mbio na polisi wa uwanjani ukasema somo lilisema.

Mdau: Mimi nipo London nina viza ya Uingereza miaka miwili, naweza kuja kuzunguka miji hiyo?

Mimi: Uingereza siyo Schengen. Hapana, hadi uombe ya Schengen.

Mdau: Shikamoo kaka. Mama yangu kaja kunitembelea hapa Vienna, ana miaka zaidi ya sabini na magoti yanamsumbua, anatamani sana kuvuka ila naogopa kumchosha. Nipande naye nini?

Mimi: Marahaba dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Kwa hali yake sahau stesheni kuu, ule mteremko wa kwenda ndo mlima wa kurudi. Kama bajeti inaruhusu na ni msimu wake, boti, atakaa kwenye kiti anaangalia mto na mkishuka mnaingia mji mkongwe kwenye tambarare. Kama siyo msimu, basi linalosimama Most SNP. Mji mkongwe hamna magari, ni mawe ila siyo mlima, na vibaraza vya kahawa kila hatua. Mpeleke kanisa la Mtakatifu Martin, lipo palepale karibu na daraja, humo walitawazwa wafalme wa Hungaria kuanzia 1563 mpaka 1830, na Maria Theresa mwaka 1741. Ngome ile nyeupe ya juu muangalieni kwa chini, msipande kwa miguu. Kurudi pandeni basi tena, msimpeleke mama stesheni yoyote usiku.

Mdau: Nikikodi gari?

Mimi: Stika ya barabara ya Austria, ya Slovakia yake tofauti, ruhusa ya kampuni ya gari kuvuka mpaka, na maegesho ya kutafuta ukifika. Kwa siku moja unajitafutia kazi. Mkiwa watano hapo sawa.

Mdau: Baiskeli hujaitaja.

Mimi: Sijawahi, anayejua amjibu.

Mdau mwingine: Mimi nimewahi. Ni njia ya EuroVelo 6, inafuata Danube, karibu kilomita 70 na ni tambarare karibu yote. Upepo ukiwa mbele yako utajuta kuzaliwa. Mimi naenda kwa baiskeli narudi kwa treni, baiskeli inakatiwa tiketi yake. Beba maji, kuna vipande virefu hamna duka.

Mimi: Asante mwamba. Na duka likitajwa, Jumapili Vienna maduka karibu yote yamefungwa, ila Bratislava yale makubwa yanafunguliwa, watu wanavuka kwa ajili hiyo tu. Mwenye kununua zawadi za nyumbani apange Jumapili.

Mdau: Laini ya simu ya Austria inashika huko?

Mimi: Inashika kwa bando lako lilelile kama limejumuisha nchi za Umoja wa Ulaya, na mengi yamejumuisha.

Mdau mwingine: Msisahau kuonja Kofola, soda yao ya tangu enzi za ukomunisti. Na bryndzové halušky, madonge madogo ya viazi na jibini la kondoo, ila kwa Waislamu ulizeni kwanza, juu wanamwagia nyama ya nguruwe iliyokaangwa.

Mimi: Muhimu sana hiyo. Ukiwaambia waiache wanaiacha.

Mdau: Sasa mkuu kama Bratislava ni saa moja, Budapest kwa siku moja inawezekana?

Mimi: Inawezekana kwa treni ya Railjet, zaidi ya saa mbili na nusu kwenda na hivyohivyo kurudi, na kule pesa ni forint. Amka alfajiri.

Mdau: Na Prague?

Mimi: Saa nne kwenda, saa nne kurudi. Lala huko.