Kuchagua Chakula cha Kuku wa Rika Mchanganyiko

Mfugaji anayeweka mitetea, majogoo na kuku watagao katika banda moja hukabiliwa na tatizo la kalsiamu kabla ya jambo lingine lolote. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu ya takribani asilimia 3.5 hadi 4, kiasi kinachomfaa kuku anayejenga ganda la yai karibu kila siku, lakini ambacho, kikiliwa kwa wiki kadhaa na kuku asiyefikia umri wa kutaga, huweza kuharibu figo zake. Kwa hiyo ni salama zaidi kulilisha kundi zima chakula cha kuku wanaokua, chenye protini ya asilimia 16 na kalsiamu ya asilimia 1 hivi, kisha kuweka maganda ya chaza yaliyopondwa, au ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, katika chombo cha pembeni. Watagaji watayadonoa kadiri ya mahitaji yao, na majogoo kwa kawaida hawayajali sana.

Vifaranga walio chini ya wiki 8 wanahitaji protini ya asilimia 18 hadi 20, hivyo chakula chao kiwekwe ndani ya uzio wenye matundu ambayo kuku wakubwa hawawezi kupenya.

Anayechanganya mwenyewe pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa aanze kwa kuchunguza mahindi, kwa kuwa yaliyoota ukungu huweza kubeba sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuanikwa juani. Dagaa nao mara nyingi huwa na mchanga mwingi kuliko muuzaji anavyokiri. Wapepetwe kabla ya kupimwa.