Michezo ya ajiliti kwa mtoto wa mbwa: vuta kitenge kwanza, fito ziache chini

Hapa Walukuba, Jinja, Uganda, mtu akikuona saa moja asubuhi umepiga magoti kwenye nyasi unavutana kitambaa na mtoto wa mbwa, lazima asimame aangalie. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, aliniambia wazi, mwanangu huyo mbwa unamdekeza, mwizi akija atamletea kitambaa wacheze. Nikamwambia shikamoo mama, wewe subiri tu. Nawaandikia nyie wenye watoto wa mbwa wa miezi miwili mpaka kama mwaka hivi, maana huo ndo muda wenyewe na watu wengi wanaupoteza kwa kumfunga mnyororo chini ya mti wakisubiri akue ndo wamfundishe.

Ajiliti kwa asiyeijua ni mchezo ambao mbwa anakimbia njia yenye vizuizi, anaruka fito, anapita ndani ya handaki la turubai, anapanda ubao mwembamba ulioinuliwa, anakanyaga pembea ya ubao mpaka ibinuke, anapinda katikati ya vijiti 12 vilivyosimamishwa sentimita 60 kutoka kimoja mpaka kingine, na wewe unakimbia naye bila kumgusa wala kumshika kamba, ni sauti na mwili wako tu. Ulianza Uingereza 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kule London, walitaka kitu cha kuchangamsha watu kati ya shughuli mbili wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka. Huku kwetu mbwa wengi ni wa kulinda geti, lakini mchezo huu hauhitaji mbwa wa bei. Wangu, Kipepe, ni wa kienyeji kabisa, ana miezi mitano, mama yake yuko nyumba ya tatu kutoka kwangu na baba hatumjui.

Sasa sikiliza hili kwanza kabla ya mchezo wowote. Mtoto wa mbwa usimfanye aruke. Mifupa yake mwishoni ina sehemu laini ambazo ndo zinazorefusha mfupa, na hizo hazijafunga mpaka afike kama mwaka mmoja, mbwa wa umbo kubwa hata mwaka na nusu. Akitua vibaya mara nyingi pale panaumia, na panaweza kukua vibaya mguu ukapinda maisha yote. Ndo maana mashindano ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hayapokei mbwa chini ya miezi 18, na Marekani kwa AKC, chama chao cha mbwa, ni miezi 15. Naandika hivi kwa uchungu. Mbwa wangu wa kwanza, Simba, nilimfanya aruke fito za mwanzi akiwa na miezi sita, alikuwa anaruka vizuri sana na watoto wa mtaa wanampigia makofi, na mimi nikawa napandisha fito kila wiki, yani kila wiki juu kidogo. Akaanza kuchechemea mguu wa mbele asubuhi akiamka, nikasema ataacha, hakuacha. Mpaka leo siku ya mvua anatembea kama mzee. Kosa lile ni langu peke yangu na ndo linanifanya niandike yote haya, kwa hiyo fito zote chini, zilazwe kwenye nyasi, na pale utakapoziinua zisipite kifundo cha mguu wake wa mbele.

Haya, utauliza kama haruki basi anafanya nini. Anajifunza vitu ambavyo bila hivyo hata kuruka hakuna faida: kukupenda wewe kuliko kuku wa jirani, kujua miguu yake ya nyuma iko wapi, kutoogopa kitu kinachotikisika, na kukimbia upande wowote wa mwili wako. Vyote vinaingia kwa mchezo.

Zawadi kwanza. Mimi nachemsha ini la ng'ombe, nalikata vipande vidogo kama punje ya haragwe, hata nusu yake. Mukene mkavu, yaani dagaa, pia wanaupenda ila mikono itanuka siku nzima. Toa kiasi hicho kwenye chakula chake cha siku asinenepe. Vitunguu na chokoleti usimpe, ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa achana nayo inapasuka vipande vyenye ncha. Alafu chagua neno moja fupi la kumwambia hapo hapo akipatia, mimi nasema "safi", na kila safi inafuatwa na kipande cha ini au kitambaa, bila kukosa, mpaka masikio yake yenyewe yasimame akilisikia.

Kitambaa sasa. Chukua kitenge kilichochakaa au jinzi ya zamani, chana vipande vitatu virefu, suka kama nywele, funga fundo ncha zote. Kamba ya katani au ya nailoni usitumie, inakata fizi. Kivute chini kwenye nyasi kikimbie mbali naye kama panya anayetoroka, usimsukumie usoni, hakuna panya anayejipeleka mdomoni. Akikamata, mwache yeye ndo avute, wewe shika tu na upeleke kushoto kulia taratibu, usawa wa kichwa chake. Usivute kwenda juu wala kumning'iniza, shingo yake bado changa. Kuanzia kama miezi minne mpaka sita au saba anabadilisha meno, ukiona damu kidogo kwenye kitambaa usishtuke ila punguza nguvu, siku nyingine acha kabisa mtumie ini. Na mwache ashinde! Mara nyingi mwachie akimbie nacho, utaona anarudi mwenyewe kukusukumia gotini ukivute tena, na siku hiyo ujue umeshapata mbwa wa ajiliti.

Kuachia ndo watu wanakosea, wanamfungua mdomo kwa vidole au wanamfokea. Fanya hivi: shika kitambaa kwa mikono yote miwili, kibane kwenye goti lako, kiwe kimekufa, usiseme kitu. Atavuta, atanguruma, atakuangalia. Subiri. Kipepe mara ya kwanza alichukua karibu dakika nzima, nilikuwa namhesabia pumzi, alafu taya likalegea kidogo tu, na mimi pale pale "safi, kamata!" kitambaa kikafufuka. Mara ya tano alikuwa anaachia mara tu kikigusa goti. Anajifunza kwamba kuachia ndo kunawasha mchezo.

Mchezo wa kukimbia pande mbili unahitaji mtu wa kukusaidia, mtoto wa jirani anatosha. Amshike kijibwa kifuani kwa upole, wewe mwonyeshe kitambaa, kimbia hatua kumi bila kuangalia nyuma, ita jina lake mara moja tu. Kitambaa kitokee mkono wa kushoto. Raundi inayofuata kitokee kulia. Hii ya kubadilisha usiiruke, maana sisi tumezoea kuona mbwa wa polisi akitembea kushoto kwa askari tunadhani kila mbwa yuko hivyo, ajiliti inataka zote mbili sawa. Na usiite mara tatu nne, ukiita hakuja kimbia upande mwingine ukipiga makofi, mtoto wa mbwa hawezi kuacha kitu kinachokimbia.

Nikilazimishwa kuchagua mchezo mmoja tu nitachagua wa jerikani. Chukua jerikani ya lita 20, tia maji nusu isianguke ikamtisha. Simama nayo karibu kabisa, kijibwa pembeni yako, mkono wenye ini umwongoze kuizunguka kama unachora duara, na pua yake ikishatokea upande wa pili, "safi", mpe karibu na mguu wako. Mara tano sita hivi. Alafu mkono usiwe na ini, uelekeze tu, ini litoke mkono mwingine. Alafu rudi nyuma nusu hatua. Kesho nusu nyingine. Kipepe siku ya tatu alifika katikati akasimama, akaniangalia, akaangalia jerikani, mguu mmoja wa mbele umeinuka, na mimi nikanyamaza kimya, sikumwongoza, akaamua mwenyewe akaizunguka akaja mbio masikio yamelala nyuma. Kile kitendo cha kuamua ndo unachokitafuta, ukimsaidia kila mara utamnyima. Sasa hivi namtuma mita nne, kulia na kushoto, na huko mbele fito ikishawekwa pembeni ya jerikani atakuwa tayari anajua kupinda karibu na kizuizi bila kupanua duara kama lori.

Miguu ya nyuma: mbwa wengi wanaiburuta tu kama mzigo, hawajui kama ni yao. Geuza beseni la kufulia chini juu, gumu lisilobonyea, weka kitambaa juu lisiteleze, mwongoze apandishe miguu miwili ya mbele tu. Akisimama hapo, safi, ini. Siku ya pili wewe zunguka kidogo kando ya beseni, atalazimika kusogeza makalio akufuate huku mbele ametulia, na kila nyuma inaposogea hata inchi moja, safi. Ongezea fito tano za mwanzi zilizolazwa kwenye nyasi, atembee, sio kukimbia, azivuke moja moja. Ukimwona anaangalia chini anahesabu miguu yake unajua kichwa kinafanya kazi.

Vitu vya kelele na kutikisika vianze mapema kabla woga haujaota mizizi. Ubao mpana juu ya gunia lililokunjwa, utikisike kidogo tu, aukanyage kwa hiari yake, usimbebe kumweka juu. Kipande cha bati chini ya mkeka kilie akipita. Handaki mimi natengeneza kwa viti vya plastiki vitatu na turubai juu, mfupi kiasi kwamba anaona uso wangu upande wa pili, nikishaona anapita bila kusita ndo naongeza kiti cha nne na kupinda kidogo. Akigoma, fupisha. Kumsukuma makalio aingie kunamfundisha kitu kimoja tu, kwamba handaki ni mahali pa kusukumwa.

Na kusubiri. Ini kwenye ngumi, akilamba na kukwaruza ngumi haifunguki, akirudi nyuma hata kidogo ngumi inafunguka, akija tena inafunga, mpaka atulie wakati kiganja kiko wazi. Ndo umwambie neno la kumwachia. Neno hilo lisiwe "haya" wala "twende", mtaani kila mtu anayasema siku nzima kwenye simu, mbwa atachanganyikiwa. Mimi natumia "pepea", hakuna mwingine hapa anayelisema. Afuate neno peke yake, ukiinua mguu bila neno asitoke.

Muda ni dakika mbili tatu basi, labda mara tatu kwa siku, na umalize wakati bado anakudai. Asubuhi kabla ya saa mbili au jioni baada ya kumi na moja, jua letu la mchana usicheze nalo, weka nyuma ya mkono wako chini kwa sekunde tano, kama huvumilii na yeye havumilii. Ulimi ukitoka mpana na mwekundu sana acha, kivuli na maji. Saruji na vigae vinateleza, tafuta nyasi, na uzipite kwanza kwa macho, kuna chupa zilizovunjika na kokwa za embe. Ukimaliza angalia kupe kati ya vidole na ndani ya masikio. Chanjo za utotoni zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na kurudiwa mpaka kama wiki ya 16, ya kichaa cha mbwa miezi mitatu, na kabla hazijakamilika chezea ndani ya ua wako mwenyewe.

Kitu kingine cha hapa kwetu, majirani wengine ni Waislamu na mate ya mbwa yanawapa kazi ya kujitwaharisha, kwa hiyo wakati wa watu kwenda msikitini mimi namshika kamba mkononi na tunasimama kando, nasalimia. Saa hizo natumia kucheza mchezo wa kuniangalia: boda ikipita, kuku akipita, wale kaloli, korongo wakubwa, wakitua jalalani, yeye akigeuza macho kwangu, safi. Yule mama jirani juzi amesimama anaangalia, akaniuliza kama anaweza kumpa yeye ini kidogo.

Ukifika mwaka na kitu mpeleke kwa daktari wa mifugo amkague miguu na viungo, akikuruhusu ndo uinue fito ya kwanza, sentimita kumi, karibu na jerikani anayoijua. Kipepe bado ana miezi saba au nane ya kungoja, na zile fito za mwanzi zimelala kwenye nyasi hapo nje.